Usingizi Uliorudi Nyumbani

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, fundi cherehani alikuwa anapachika zipu kwenye sketi ya sare ya shule pale usingizi wa mwanawe ulipoingia. Haukupiga hodi; mtu hapigi hodi kwao. Ulikuwa na kimo cha kijana mwenyewe, alama ya mto shavuni, na macho yamefumbwa. Ulipita katikati ya vitambaa bila kuangusha hata kibiriti cha pini, ukaingia chumba cha ndani, ukajilaza kitandani na kuanza kusugua mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kama kijana huyo, kitindamimba wake, alivyozoea tangu akiwa ananyonya.

"Wa nani huo?" mteja aliuliza.

"Wa mwanangu aliye chuoni."

"Wa binti yangu ulikuja mwaka jana," mteja alisema, akinyoosha mkono apimwe. "Tuliurudisha mara mbili. Siku hizi unakaa stoo, haumsumbui mtu."

Fundi hakuwa mtu wa kukaa na kitu cha mwenyewe. Hata gauni lililosahauliwa kwake miaka mitatu alikuwa bado anamtafuta mwenyewe. Kesho yake alifunga nyumba, akaushika usingizi mkono, wakapanda basi. Safari ilikuwa ya saa tano. Uliegemea bega lake njia nzima ukikoroma, na abiria wa nyuma akafunga dirisha ili usipigwe na upepo.

Getini mlinzi alisukuma daftari. "Wageni wangapi?"

"Mimi peke yangu. Huu ni usingizi wa mwanafunzi."

"Basi huo hauandikwi. Huo ni wa humu humu."

Nje ya bweni, kwenye mabenchi, ziliketi singizi nyingine kama thelathini, zimetulia kama wagonjwa wanaongoja daktari. Mmoja ulikuwa umeshika viatu mkononi.

Mwanawe alikuwa chumbani, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Alikuwa amekonda mpaka fulana ilimning'inia kama iliyotundikwa msumarini.

"Shikamoo mama," alisema, macho kwenye simu.

"Marahaba, baba. Nimekuletea usingizi wako."

"Asante. Uweke tu hapo, nakuja."

"Una siku ngapi hujalala?"

"Kumi na tisa."

Wenzake wawili nao walimwamkia mama kutoka vitandani mwao, bila kuinua macho.

Mama hakugomba. Aliitoa simu mkononi mwake taratibu, kama anavyomwondolea mtoto mkasi. Kidole gumba cha kijana kikaendelea kusukuma hewa. Akaulaza usingizi kando yake. Kijana akasogea, akaupisha. Wakalala ubavu kwa ubavu kama mapacha walionuniana. Baada ya muda kijana akaketi.

"Nikifumba macho nabaki na mimi mwenyewe tu, mama. Huyo simwezi."

"Anakufanya nini?"

"Ananisomea. Mitihani niliyofeli. Wenzangu walivyofika mbali. Anasema mngepumua bila mimi." Alitazama simu mkononi mwa mama yake. "Nikiwa humo, simsikii sana."

 Mama akamrudishia simu. Usingizi ukainuka, ukatoka nje, ukaketi benchini na wenzake.

Alikwenda ofisi ya ushauri. Mshauri alikuwa mmoja, wanafunzi elfu kumi na nne. Karani, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliandika jina la kijana.

"Zamu yake ni ya elfu mbili mia tatu na sita. Ataitwa kwa ujumbe wa simu."

"Lini, dada yangu?"

"Hapo ndipo sijui. Ila asipojibu ndani ya dakika kumi, anapewa mwingine. Mwambie simu asiiweke chini."

Mama alirudi bwenini akamwambia. Kijana aliitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake.

Usingizi mama aliuacha benchini makusudi, akijipa moyo kwamba ukiwa karibu huenda siku moja wakapatana. Alipofungua mlango wa nyumba yake aliukuta kitandani, umeshajifunika shuka.

Jumapili mchana mwanawe alipiga simu.

"Upo?"

"Upo, umelala."

"Unakoroma?"

"Kidogo."

 Kijana akasema, "Mama, naomba usogeze simu karibu nao. Nisikie tu."

Mama alivuta kigoda, akaketi, akaishikilia simu karibu na mdomo wa usingizi ulioachama. Kutoka upande wa pili alimsikia mwanawe akivuta pumzi, akijaribu kufuatisha, akipitwa, akianza tena. Halafu ikaja sauti ya kijana mwingine wa chumba kile.

"Ongeza sauti basi, na sisi tusikie."

Mkono ulipokufa ganzi, mama aliihamishia simu mkono wa pili.