Swichi ya Chini ya Kiti

Mashine ya kukatia nyasi tunayotumia mimi na mume wangu kwenye uwanja wa chuo ni ile ya kukalia. Ina usukani, magurudumu manne, na visu vitatu tumboni. Ukiiona imeegeshwa utadhani ni kitu cha starehe. Weee! Jaribu kuishi nayo. Mkanda unakatika siku ile ile unayotaka kuwahi nyumbani, plagi inajaa masizi, na visu usipovinoa kila wiki vinang'oa nyasi badala ya kukata. Hayo yote nayamudu. Kilichonishinda ni swichi ya chini ya kiti.

Swichi hiyo iliwekwa ili dereva akinyanyuka, injini izime yenyewe na visu visimame. Jambo jema. Lakini yetu imezeeka, haimtofautishi tena anayeshuka na anayerushwa na kishimo. Unawasha, unakwenda hatua kumi, kishimo, kimya. Unawasha tena, unatukana kidogo, kimya.

Mume wangu alikuwa ameizoea kwa namna yake. Nyasi mbichi zikiziba visu, hahangaiki na ufunguo. Ananyanyua makalio, injini inazima, anashuka, anapenyeza mkono pembeni na kuzing'oa zile nyasi kwa vidole. Hata mimi nilifanya hivyo, nisijitoe. Miaka sita tunaizima mashine kwa makalio, na hakuna aliyewahi kukatwa.

Basi, siku ninayoisimulia tulikuwa na siku ya nne hatusemezani. Siku ya kwanza fundi alikuja kuitazama mashine, na mume wangu akamwambia mbele yangu, "Anayeiua ni huyu mama watoto. Anaendesha kama anafukuzwa na nyuki." Fundi akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi! Mimi ninayeamka alfajiri kuipaka grisi! Pale kazini wananiita Pilipili na siwalaumu. Nilimtolea mume wangu maneno ambayo sitayarudia hapa, akanirudishia ya kwake, kisha kila mtu akafunga mdomo.

Nyumbani tukamgeuza mama mkwe kuwa simu yetu. "Mama, mwambie mwanao chai iko mezani." Mwanawe yupo pale pale, tumetenganishwa na sukari. "Mama, mwambie nimeiona." Jioni ya tatu mama mkwe akabamiza kikombe. "Mimi si posta, jamani. Mnanichosha."

Jumamosi kulikuwa na mechi, na fundi alikuwa amesafiri hadi Jumatatu. Alhamisi, siku hiyo ya nne, nikawahi stoo peke yangu. Nikainua kiti, nikazikata nyaya mbili za ile swichi, nikaziunga zenyewe kwa zenyewe na kuzizungushia utepe mweusi. Nikawasha. Nikanyanyuka. Injini ikaendelea kunguruma. Nikairusharusha kwenye kila kishimo cha pale nje, haikuzima hata mara moja. Nikajiona mhandisi.

Nilijua kwamba lazima nimwambie, sitawadanganya. Lakini kumwambia ni kuanza kumsemesha, na kuanza ni kukubali kwamba nimeshindwa. Nikajipigia hesabu zangu: atakaponyanyuka mara ya kwanza ataisikia injini bado inanguruma, atashtuka, atanijia juu, "Umeifanya nini mashine?" Akishauliza, basi ameanza yeye. Nikauona ujanja huo mtamu kweli. Akaja, akavaa vifuniko vyake vya masikio, akapanda, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo. Nami nikampa mgongo, nikaenda kupiga chokaa mistari ya goli la upande wa stoo.

Saa nne pampu ya maji ikajiwasha yenyewe.

Nilikuwa nimeinama na ndoo ya chokaa. Ile pampu iko ng'ambo ya uwanja, chini ya mteremko, na ikiunguruma hata wanafunzi madarasani hunyamaza. Bomba lake linavuja, kwa hiyo nyasi za pale ni mbichi mwaka mzima, na hakuna siku mashine imepita pale bila kuziba. Hakuna hata siku moja! Nikainua kichwa. Mume wangu alikuwa ameshaushika mteremko, anashuka taratibu kuielekea pampu.

Itaziba. Atanyanyuka. Pampu inapiga kelele, masikio kayafunika, hataisikia injini. Atatazama visu, ataviona vimesimama kwa sababu nyasi zimevibana, atapenyeza mkono. Akizitoa nyasi tu, visu vinaachiwa, na vidole vinakwenda. Mkono wenyewe ni wa kulia. Jioni yule ni kinyozi, ana kiti chake kimoja na kioo, na watu wanamfuata kutoka mbali kwa sababu ya mkono ule.

Nikatupa ndoo. Nikakimbia.

"Baba watoto!" Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. "Usishuke! Baba watoto, usishuke!" Nilipunga mikono yote miwili, nikavua kilemba nikakipunga. Hakuangalia. Mimi si mtu wa kukimbia, nina magoti ya mwanamke aliyezaa wanne, na uwanja ule siku ile ulikuwa mrefu ajabu. Nilipofika katikati nikamwona amesimamisha mashine.

Akanyanyuka. Akashuka.

Ee Mungu wangu. Nikatazama niliyobakiza, nikatazama nyuma nilikotoka. Simu yake ilikuwa stoo inachajiwa. Kisha nikakumbuka kwamba swichi kubwa ya pampu nayo iko stoo, ukutani, nyuma ya mlango. Mbele yangu bado kulikuwa na nusu uwanja mzima na ule mteremko, na stoo ni nusu uwanja peke yake. Nikageuka. Nilimpa mume wangu mgongo kwa mara ya pili siku ile, nikakimbia kumwacha, huku nalia kwa sauti kama mtoto. Sijui kama kuna jambo gumu kuliko hilo nililowahi kufanya.

Mlango niliupiga kwa bega. Nikaikamata ile swichi kwa mikono miwili na kuivuta chini.

Pampu ikashuka sauti, ikakoroma, ikanyamaza. Na kutoka ng'ambo kule, wazi kabisa, nikaisikia mashine yetu ikinguruma peke yake.

Nilitoka nje. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kiko chini, bega la kulia limezama upande wa visu. Hakusogea. Halafu kichwa kikainuka kidogo, kama cha mtu anayejiuliza kitu. Halafu, kraa! Mume wangu akaanguka chali.

Sijui niliuvuka vipi ule uwanja. Nakumbuka tu nilifika, nikaurukia ule ufunguo na kuizima mashine, nikajitupa chini kando yake. Alikuwa ameukumbatia mkono kifuani. Glovu ilikuwa imechanika, ncha tatu hazipo.

"Nionyeshe," nikasema. "Nionyeshe!"

Hakutaka. Nikaung'ang'ania, nikaivua glovu. Kidole cha kati kilikuwa kinatoka damu, ukucha umeng'oka nusu. Nikavigusa kimoja kimoja kama mtu anayechagua ndizi. Vilikuwa vitano. Glovu zile chuo kinanunua saizi moja kwa watu wote, zinampwaya, na visu vilikuwa vimekula pale palipokuwa patupu. Nikaubusu ule mkono pamoja na damu na majani yake. Nilikuwa nimeshachanganyikiwa.

Akavua vifuniko vya masikio kwa mkono wa kushoto. Akaitazama mashine. Akainuka, akaifikia, akainua kiti, akauona utepe wangu mweusi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeifunga asubuhi."

"Naona."

"Nilitaka unisemeshe wewe kwanza."

Basi. Nikangoja anipasulie. Nilistahili, na nilikuwa tayari hata anipige, ingawa hajawahi kuninyanyulia mkono tangu anioe. Lakini alirudi akakaa kwenye nyasi mbichi karibu nami, akavuta pumzi, akakifunga kidole kwa kile kilemba changu.

"Mchana ilikuwa zamu yako," akasema hatimaye.

"Ndiyo. Kule juu ya mtaro."

Mtaro wa nyuma ya uwanja ni wa zege, kina chake kinamzidi mtu mzima, na nyasi zake zinakatwa ukingoni kabisa. Mimi ndiye ninayezikata siku zote, kwa sababu yeye anaogopa.

"Usiipande," akasema.

"Kwa nini?"

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia gurudumu la mbele.

"Pini ya usukani imekatika tangu juzi. Nimechomeka msumari."

Niliyaona magurudumu yakikataa kona, nikauona ule mtaro, nikajiona mimi na ile mashine juu yangu.

"Ulikuwa uniambie lini?" nikamuuliza.

Aliinamisha kichwa, mtu mzima na mvi zake, akaushika vizuri mkono wake wenye damu.

"Ungenisemesha tu," akasema, "ningekuambia."