Cheri Ikae Wapi

Crocifissa Trovato na wifi yake Melina walikuwa na miaka sita hawasemezani, ingawa waliishi nyumba moja mjini Catania, kusini mwa Italia, huyu chini, yule juu. Kisa chenyewe kilikuwa cheri.

Kila ikikaribia sikukuu ya Mtakatifu Agata, jiji zima hupika vile vikeki vya mviringo vya kukumbuka matiti aliyokatwa mtakatifu na watesi wake. Ndani huwekwa jibini laini ya kondoo na vipande vya chokoleti, nje humwagiwa sukari nyeupe inayong'aa, na juu kabisa hupachikwa cheri moja, tunda dogo jekundu. Huliwa viwili viwili. Kumpa mgeni kimoja ni kumtukana yeye na mtakatifu kwa mpigo. Crocifissa aliweka cheri katikati barabara. Melina aliiweka kando kidogo, akidai hakuna mwanamke aliyeumbwa kwa rula. Basi wakakosana mbele ya ukoo mzima, mikono imejaa unga, na hapo salamu zikakatika.

Mwaka huo tanuri ya Melina iliharibika wiki ya sikukuu. Akashuka ngazi amekumbatia bakuli la jibini, akabisha, akatangaza kwamba amekuja kuazima tanuri, si kuomba msamaha. Crocifissa akampisha. Moyoni alifurahi mno, ila afadhali afe kuliko kukiri.

Walipika vizuri mpaka ikafika zamu ya cheri. Crocifissa akapachika ya kwanza katikati. Melina akaisukuma kwa kidole. Ikarudishwa. Ikasukumwa tena. Mwishowe ile sukari ilikuwa na michirizi kana kwamba konokono amepita juu yake akitafuta njia ya kwao.

Ndipo Padri Ermes alipobisha hodi. Alikuwa kijana wa kaskazini, mgeni kabisa parokiani, na siku hiyo alikuwa akizunguka kubariki nyumba. Alipoingia jikoni na kukuta meza nzima ya matiti meupe imemkodolea macho, aliinua yake darini na hakuyashusha tena. Akabariki balbu.

Wale wanawake wakatazamana. Hakimu amejileta mwenyewe.

"Baba Padri, wewe umesoma," alisema Crocifissa. "Hebu tuambie, cheri inakaa katikati au pembeni?"

Padri aliieleza balbu kwamba yeye alisomea sheria za Kanisa.

"Haya, sheria inasemaje?" akauliza Melina.

"Mama, sheria haijafika huko."

"Basi angalia mwenyewe, haviumi. Hiki changu, hiki cha huyu. Kipi kinafanana na ukweli?"

Padri akaiva uso mpaka masikioni, akajibu kwa sauti ya mtu anayezama kwamba hana uzoefu wa kulinganisha. Alipoona mlango umezibwa na Melina, naye Melina si mwembamba, akafumba macho, akanyakua vikeki vyote viwili na kuvimeza karibu bila kutafuna. Kwikwi ikamkamata papo hapo. Kati ya kwikwi na kwikwi akatoa hukumu yake: kwa maoni yake, ingefaa zaidi vipikwe bapa, kama biskuti, bila cheri yoyote.



"Bapa," alirudia Crocifissa.

"Ndivyo walivyo hawa watu wa kaskazini, ugali asubuhi, ugali jioni," alisema Melina polepole. "Agata wetu awe bapa. Umesikia, wifi?"

"Nimesikia, wifi yangu. Tumwombee tu."

Wakamsindikiza padri kwa heshima zote, wakafunga mlango, kisha wakacheka hadi ikabidi wakae sakafuni. Kazi iliyobaki waliimaliza wakimsema yeye, na mama yake aliyemlea, na kijiji kizima alikotoka. Cheri ziliwekwa popote mkono ulipoangukia.

Kwikwi ya Padri Ermes haikukoma. Kwenye misa ya jioni ilimkata katikati ya kila sala, na waumini, walioona mabega yake yakiruka na machozi yakimlengalenga, wakaamini analia kwa kumpenda Mtakatifu Agata. Bibi mmoja wa benchi la mbele akaanza kulia naye, na kilio kikasambaa kanisa zima. Mpaka leo mtaani husemwa kwamba hajawahi kuja padri mwenye ibada kama yule wa kaskazini.

Crocifissa na Melina walikuwa benchi la nyuma, wameinamisha vichwa, wamegawana kitambaa kimoja cha kuziba midomo.