Kibiriti Ana Miaka Mingapi

Maneno yenyewe niliyasikia kwa msusi, Jumanne asubuhi, nikiwa natia uzi kwenye sindano. Mimi na yeye tunatumia baraza moja. Upande wake kuna viti na kioo, upande wangu kuna cherehani mbili na meza ya kukatia. Mikono yake ilikuwa kichwani kwa mteja, lakini mdomo ulikuwa kwangu.

"Mama Karani, umesikia haya ya kwenye simu? Kuna kundi linafundisha wasichana kudanganya umri. Wakishajua kujiita wakubwa, wanachukuliwa. Kuna mmoja ameshaondoka, kwao wanamtafuta mpaka leo."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nimeambiwa na mteja."

"Mteja gani?"

"He! Ukinibana hivyo watu watadhani nimemchukua mimi."

Mteja wake akacheka. Mimi sikucheka. Siku ile nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nilifumua, nikashona tena, na maneno ya msusi yalikuwa yananizunguka kichwani kama nzi.

Karani ni binti yangu. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kila kitu anakiandika. Ana miaka kumi na sita, yuko darasa la mtihani. Baba yake ni dereva wa lori, akitoka hukaa wiki mbili, kwa hiyo macho ya nyumbani ni yangu peke yangu. Nilijua ana kundi kwenye simu, watu wanaopenda mchezo fulani wa kucheza kwa kuigiza, unachagua mtu ndani ya hadithi na unatembea naye. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nasema tu, "Weka simu, ule."

Jumatano aliporudi shule akaingia kuoga. Daftari lake lilikuwa wazi kitandani, simu juu yake. Sikulifunua, nasema kweli, lakini sikugeuza macho pia. Mimi nimeishia shule ya msingi, ila kusoma nasoma vizuri. Yaliyoandikwa yalikuwa haya, kwa mwandiko wake ule wa kulala:

"Kibiriti. Umri wa kweli 11? Darajani aseme 14. Akisema 11 hawamchukui. LAZIMA tukubaliane kabla ya Jumamosi."

Nikakaa kitandani. Jumamosi! Kumbe msusi hakusema uongo, na kumbe anayewaandikia hao wasichana ni wangu mimi. Nikachukua simu, ilikuwa bado haijajifunga. Kundi lilikuwa palepale. Kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini ile alama ya kipaza sauti naijua. Nikabonyeza.

"Nyie mnaodanganya miaka ya watoto wa wenzenu, sikilizeni. Huyo Kibiriti ana mama yake! Miaka kumi na moja mnamwita mkubwa, hamuoni haya? Jumamosi hiyo haitafika, nawapeleka polisi wote, mmoja mmoja, na majina yenu ninayo hapa!"

Majina yenyewe yalikuwa Joka la Tatu, Profesa, Nesi, Chumvi, na mengine ya namna hiyo, mia mbili na zaidi.

Binti yangu alisimama mlangoni amejifunga taulo, maji yanamtiririka. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," akasema, "Kibiriti ni wa kuchorwa."

"Wa kuchorwa nini?"

"Ni katuni, mama. Yuko kwenye mchezo. Hayupo."

Mzazi mwenye akili angeishia hapo. Mimi hofu ilikuwa imeshanipanda, na hofu ikipanda haitaki kuaibika. Nikamwambia hata kama ni wa kuchorwa, daftari la uongo wa umri sitaki kuliona, na simu ikaenda na mimi, nikaifungia kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini za uzi.

Hakulia wala hakubisha. Tangu saa ile nikawa napata maneno mawili tu ndani ya nyumba: "Ndiyo, mama", na "Hapana, mama". Umekula? Ndiyo, mama. Unaumwa? Hapana, mama. Mtoto huyu alikuwa akirudi shule ananieleza mpaka mwalimu alivaa soksi za rangi gani. Sasa nikawa nakaa naye meza moja na simjui. Nilichokitaka tangu mwanzo ni kumlinda, na nilikuwa nimefunga mlango ambao angepitia kuja kuniambia lolote.

Ijumaa mchana droo ikaita. Nikafungua, nikaona jina limeandikwa "Nesi". Nikapokea kwa sauti ya kazi.

"Shikamoo, mama," akasema mwanamke, sauti ya mtu mzima. "Mimi ni mmoja wa wale unaotupeleka polisi."

Nikataka kukata.

"Usikate, mama yangu. Mimi ni nesi kweli, wodi ya watoto, na hapa niko mapumziko ya chakula. Kundi lile ndiyo nalisimamia. Nimekupigia kwa sababu Karani hajaonekana siku mbili, nikaogopa umemchapa."

"Sijamchapa. Huyo Kibiriti ni nani?"

Akacheka kwa upole. "Huyo ndiye anatugombanisha. Mwanzo wa mchezo mji wao unaungua, yeye ana miaka kumi, anasema mwenyewe. Halafu hadithi inaruka. Tunamkuta darajani anajiunga na walinzi, na walinzi hawachukui mtu chini ya miaka kumi na minne. Hakuna aliyesema miaka mingapi imepita. Wengine wanasema mmoja, kwa hiyo ana kumi na moja na amewadanganya walinzi. Wengine tunasema minne."

"Sasa mnagombana kwa hilo? Watu wazima?"

"Mama, tumegombana mwaka mzima. Kama aliwadanganya, kiapo chake si kiapo, na yote aliyofanya baadaye yanakuwa ya mwongo. Binti yako ndiye anayetunza mfuatano wa miaka. Jumamosi tunapiga kura. Ana kichwa, huyo mtoto. Tena nikwambie, ulivyotutukana watu wamekupenda. Chumvi ameshasikiliza mara tisa."

Nilicheka bila kutaka. Alipokata simu nikabaki nayo mkononi, joto la aibu limenishika mpaka masikioni.

Karani alipofika barazani akitoka shule nilimwekea simu mezani, juu ya vitambaa. Nikamwambia, "Nisamehe. Nilikusema mbele ya watu bila kukuuliza kwanza." Akaichukua. "Ndiyo, mama." Bado ni yale yale mawili! Nikajua samahani peke yake haitoshi.

"Basi nionyeshe," nikasema. "Huyo mtoto aliyenifanya nitukane watu mia mbili, nimuone angalau sura."

Akanitazama kama anapima kama namtega. Kisha akavuta kigoda, akafungua picha mbili, akaziweka sambamba. Moja ya mji unaungua, nyingine ya darajani. Katoto kembamba, nywele zimesimama juu, ndiyo maana wakamwita Kibiriti. Karani akaanza kunieleza, kwanza kwa mkato, halafu maneno yakamtoka mengi, nani aliona moto, nani alihesabu mavuno, nani anasema daraja lilijengwa miaka miwili. Mimi sikushika hata nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye gauni.

"Kuza hapo chini," nikamwambia. "Hapana, chini kabisa. Gauni ni lile lile?"

"Lile lile. Ndilo alilotoroka nalo."

"Basi huyu hana miaka kumi na moja."

"Umejuaje?"

"Tazama pindo. Picha ya kwanza kitambaa kiko safi mpaka chini. Hii ya pili ina mistari mitatu, mmoja juu ya mwenzake. Gauni likishushwa pindo, pale lilipokuwa limekunjwa pana alama, hata ulifue vipi. Na huu wa juu umepauka kuliko wa chini, maana yake umekaa juani zaidi. Mapindo matatu. Mimi naletewa sare shule zikifunguliwa, nashusha mara moja kwa mwaka, na mwaka wa kwanza sishushi kitu, jumla minne. Mtoto wa kushushiwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja huyo si mtoto, ni mgomba."

Karani akatazama pindo tena, picha ya kwanza na ya pili. Akanisogezea simu. "Sema hivyo hivyo. Bonyeza mwenyewe."

"Mimi tena? Si wataita polisi wao sasa?"

"Mama, sema!"

Nikasema. Hazikupita dakika mbili simu ikawa inatetemeka mezani kama cherehani. Chumvi akaandika kwamba mwaka mzima wamehesabu nyota na mavuno, kumbe walitakiwa kutazama chini. Profesa, ambaye nilikuja kujua ni fundi wa redio na hajakanyaga chuo chochote, hakukubali. Akatuma sauti: "Shikamoo, mama mkali. Je, kama gauni ni la kurithi kwa dada yake?"

"Marahaba. La kurithi kwa mkubwa linapandishwa, halishushwi," nikamjibu. "Na picha ya kwanza analo hilo hilo, halina mstari."

"Je, kama mchoraji alikosea?"

"Mchoraji wa kuchora mistari mitatu kwa kukosea, mlete nimfundishe kazi."

Kundi zima likamcheka Profesa, naye akajicheka. Binti yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Kwenye kura ya Jumamosi miaka minne ikashinda, ingawa Profesa mpaka leo anasema atakata rufaa.

Ningependa niishie hapo, lakini sikuanza kuandika haya kwa sababu ya gauni.

Jumapili mchana tulikuwa barazani wawili tu. Msusi hakufungua. Karani alikuwa ananisaidia kukata nyuzi kwenye mashati. Akakata shati la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akasimamisha mkasi.

"Mama, kuna mtu."

Nilikuwa nakanyaga cherehani. Nikaacha.

"Si wa kuchorwa," akasema. "Yuko kwenye kundi. Ananiandikia pembeni, peke yangu. Mwanzo tulikuwa tunaongea umri wa Kibiriti. Halafu akaniuliza wangu. Nikamwambia kumi na sita. Akasema hata hiyo inategemea mtu anavyohesabu, tukikutana nimwambie mtu yeyote kumi na minane. Sijamjibu tena. Lakini hajaacha."

"Tangu lini?"

"Mwezi."

Mwezi mzima! Mkono wangu wa kulia ulianza kwenda kwenye simu. Niliuona unakwenda. Nikaugeuza, nikachukua shati, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungechukua simu. Kisha ungenichukulia kama mimi ndiye niliyemtafuta." Akatazama mkasi. "Na ulichukua kweli, kwa jambo lisilokuwepo."

Ile habari ya msusi ilikuwa na moto ndani yake kumbe, ila mimi nilikuwa nimemwagia maji nyumba isiyoungua, na inayoungua nikaifungia mlango.

"Hujakosa kitu," nikamwambia. "Sikia vizuri, nitasema tena: hujakosa kitu. Simu ni yako, inabaki kwako. Sasa niambie tunafanyaje, mimi na wewe."

Hapo ndipo alipolia, kilio cha kupumua. Nilimshika kichwa, nyuzi zimetujaa wote wawili.

Tulimpigia Nesi pamoja. Hakuuliza maswali ya kejeli. Alitwambia tusifute hata neno, tupige picha kila ujumbe, kisha akamtoa mtu yule kwenye kundi na akawaandikia wasichana wengine mmoja mmoja kwa utaratibu. Wawili walijibu kwamba wao pia amewaandikia. Jumatatu nilifunga kazi, tukaenda kituoni na picha zote. Askari wa kike wa dawati la watoto alizipokea, akaandika maelezo ya Karani neno kwa neno. Amenipigia mara mbili tangu hapo, shauri linaendelea, na wazazi wa wale wawili wamekwenda pia.

Karani bado ni karani wa kundi. Sasa wanabishania kama mganga wa mlimani ana miaka sitini au mia sita, na jana nimeulizwa kuhusu kola yake. Mtoto anarudi shule anasema mpaka ananichosha. Nachoka vizuri.

Wazazi wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka. Nimeyaandika wazi, mwenye kutaka ayakate abandike ukutani.

Usichukue simu ya mtoto kabla hujamuuliza anaongea na nani na wanaongea nini.

Usiseme mbele ya watu jambo ulilolisoma nusu.

Usidharau mchezo wake. Hata kama ni wa kuchorwa, watu wanaoucheza wapo kweli, wazuri na wabaya.

Usimruhusu mtu mzima asiyejulikana kumwandikia mtoto pembeni ya kundi, hata kama ana maneno matamu na anajua hadithi yote.

Usimuulize "ulimfanya nini mpaka akakuandikia?" Swali hilo likishatoka halirudi.

Usiongee naye ukiwa umesimama juu yake. Kaa chini, shika kazi mkononi, mpe na yeye ya kushika.

Usifute ujumbe wa mtu mbaya kwa hasira, na usimjibu. Piga picha, peleka kituoni.