Pembetatu Nyeusi

Sayyida alirudi kutoka skuli anakofundisha uchoraji, kule Bawshar, akiwa hoi. Jua la Maskati la alasiri lilikuwa limemkausha koo. Alimlisha mama yake uji, akambadilisha kanga, kisha akatandaza vipande vya karatasi za rangi kwenye meza aliyoketi mama. Kesho alikuwa na somo juu ya wale wachoraji wa Ulaya wa mwanzo wa karne iliyopita, walioacha kuchora watu na miti wakabaki na duara, mraba na mstari, wakitaka rangi ziwe na mdundo kama muziki.

Mama yake, Bi Bakhita, alipatwa na kiharusi wakati wa baridi. Ulimi ukafungika, upande wa kulia ukafa. Tangu hapo Sayyida alikuwa akikisia tu: ana kiu, ana joto, anataka kulala. Mara nyingi alikosea, na mama akageuza uso.

Sayyida alipanga duara jekundu, miraba ya manjano ikipanda kama ngazi, na pembetatu kubwa nyeusi katikati. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akaisukuma pembetatu mpaka ikaanguka chini.

"Mama, nnakuomba. Nimechoka." Akaiokota, akairudisha. Ikaanguka tena.

Kaka yake Hamdan, aliyepita kuwajulia hali, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Mwache. Hajui afanyalo."

Sayyida alitaka kukubali; angekubali, angeweza kwenda kulala. Lakini akaiweka pembetatu pembeni kabisa, akangoja. Mama hakuigusa. Alilisogeza duara jekundu mpaka likagusana na manjano, akalitazama, akalirudisha nyuma kidogo, pakabaki mwanya mwembamba. Hapo akashusha pumzi.

"Anajua," Sayyida alisema. "Nyeusi ilikuwa inamziba."

"Inamziba nini?"

"Sijui. Ila haitaki."

Hamdan akaketi. Akamwekea mraba wa buluu; mama akautupa. Akamwekea wa kijani, akauacha.

Sayyida alijinyoosha kwenye godoro la kando. Somo halikuwa tayari, na kesho angemwinua mama kwa mgongo uleule unaouma. Lakini leo alikuwa amejua jambo moja juu yake bila kukisia. Alifumba macho, akisikia karatasi zikiburutwa mezani, zikisita, zikiburutwa tena.