Unga wa Kapsuli

Siku ya tatu wodini katika hospitali ya Zomba, mjukuu wa Nasibeko aliacha kunyonya. Alikuwa na siku kumi tu duniani. Tiyamike, mama yake, kila mara alimpapasa nyayo kuona kama zimepoa.

Daktari Mkandawire alikuja na karatasi ya maabara. "Damu yake haikuotesha kijidudu chochote," alisema, "lakini mtoto anazidiwa. Nauliza tena, alipewa dawa yoyote nyumbani?"

"Hakupewa," Tiyamike akajibu. "Si ndiyo, mama?"

Nasibeko alijitia kukunja kitenge. Yeye, mkunga aliyezoea kuwaambia wenye haya kwamba mficha uchi hazai, leo mdomo ulikuwa mzito. Chifu alikwisha kumtoza mbuzi kwa kutibu wachanga, na binti yake alimwapisha asimpe huyu chochote. Lakini kule nyumbani kitovu kilianza kunuka. Kila Tiyamike alipokwenda kisimani, bibi alifungua kapsuli za dawa alizonunua sokoni, unga mwingine akanyunyiza kitovuni, mwingine akamlambisha mtoto. Alifanya kwa mapenzi, na sasa aliogopa kunyang'anywa mjukuu.

"Basi tuendelee na sindano hizi," daktari akasema. "Kuna dawa kali ya akiba, lakini haitolewi bila sababu."

Mtoto akaguna kidogo, kisha akanyamaza.

"Nilimpa mimi," Nasibeko akasema. "Kapsuli nyekundu na njano. Siku nne, mpaka tulipomleta."

Tiyamike hakumtazama. "Nilikwenda kuchota maji tu, mama. Maji tu."

"Ungesema juzi, bibi." Daktari alikuwa amekasirika kweli. "Huenda dawa hiyo ndiyo iliyovificha vijidudu, maabara isione kitu. Na kama homa ilimpata huku anailamba, basi vijidudu vilivyo kwenye damu yake vimeshaizoea, na sindano zetu ni ndugu wa dawa hiyo hiyo." Akamtuma nesi kabatini. "Iliyobaki ni hii moja. Ikishindwa, sina nyingine."

Kwa siku mbili hawakujua kama atapona. Siku ya tatu akashika titi, na Nasibeko akalia mbele za watu.

Asubuhi hiyo daktari alirudi na daftari. "Wachanga wengine uliowapa kapsuli ni wa nani?"

Nasibeko akaanza kuwataja, akiwahesabu kwa vidole: wa Likongwe, pacha wa Esinati, wa mke wa mchungaji.

"Wazima?"

Vidole vikasimama. "Wa Likongwe yupo," akasema. "Wale wengine tulisema Mungu kawataka."