Uwanja Uliofagiwa

"Ndiye huyo, Babu!" Naima, mjukuu wangu, aliinyooshea runinga kidole. Mwanamke alikuwa anapiga deki, mumewe kalala pembeni amekufa. "Anafuta ushahidi!"

"Zima."

"Jamani Babu, ndiyo kwanza inanoga."

"Nimesema zima."

Kidole kama hicho nilikinyoosha mimi, hapahapa Mtanda, miaka kumi na sita iliyopita.

Kusoma nilijifunza ukubwani. Mchana nilibeba magunia ya korosho, jioni nilikaa dawati moja na vijana wa umri wa wanangu. Cheti nilikipata nikiwa na miaka arobaini na moja. Hadi leo kimetundikwa ukutani. Kisha nikaanza vitabu vya upelelezi, kimoja baada ya kingine, na kabla sijafika katikati nilikuwa nimeshamjua muuaji. Majirani waliniita Profesa. Wengine walikuwa wananitania. Niliitika hivyohivyo.

Asubuhi moja jirani yangu Jafari alikutwa mlangoni kwake amekufa, kichwa kimepasuka. Mkewe, Mboni, ndiye aliyemkuta, akamvutia ndani. Wanaume tulipofika, uwanja wao wa mchanga ulikuwa umefagiwa kutoka kizingitini hadi barabarani, mistari ya ufagio imenyooka kama ya daftari. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Tukatandikiwa mikeka, tukakaa.

Askari walipokuja kuuliza nani ameona nini, watu waliinamisha vichwa. Mimi nikasimama.

"Afande, uwanja huu umefagiwa alfajiri, maiti ikiwa ndani. Asiye na hatia anafuta nyayo za nini?"

Nilitamka vizuri, kila neno mahali pake. Askari aliutazama mchanga, kisha akamtazama Mboni. Wakaondoka naye, kanga ya msiba ikiwa kichwani.

Vitabuni jibu la daktari huja ukurasa unaofuata. Hili lilichukua miezi saba. Mshipa wa kichwani ulipasuka, Jafari akaanguka, akajigonga kwenye ngazi ya jiwe. Muuaji hakuwapo. Miezi minne na siku kumi za eda, ambazo mjane hukaa kwake akizungukwa na ndugu, Mboni alizikaa mahabusu, na wanawake asiowajua.

Aliporudi nilikwenda kumwona, maneno nimeyapanga tangu asubuhi. Hakunipa nafasi.

"Profesa," alisema, taratibu kabisa, "huko kwenye vitabu vyako, watu wakija msibani wanakaa wapi?"

Nilikuwa nimekaa pale. Kwenye mkeka, juu ya mchanga alioufagia kwa ajili yetu.

Aliingia ndani. Tangu siku ile uwanja wake haufagiwi. Majani ya mwarobaini huanguka yakakaukia hapohapo. Wasichana wa jirani walijitolea kumfagilia, akawakataza. Kila alfajiri fagio za Mtanda nzima huanza kukwaruza, nyumba baada ya nyumba, na mimi kitandani nasikiliza ile moja iliyonyamaza.

Leo Ijumaa, nilipotoka msikitini, nimepita tena kwake. Pale kila kitu kinasomeka. Kuku. Nyayo za Naima, ambaye hajui lolote, aliyempelekea maandazi. Nyayo zake mwenyewe Mboni, fupi, za kuburuta. Na za kandambili, ya kulia imelika kisigino, kama hii niliyoivaa.

Hizo zinakwenda hadi hatua mbili kabla ya ngazi ya jiwe. Kisha zinageuka.