Kikombe cha Saa Nane

Jumatatu ya tarehe kumi na moja Machi 1996, Mativo alikuwa amemaliza githeri yake na anapiga msasa shingo ya twiga wakati kikombe chake cha mbao, kilichokuwa dirishani, kilipojaa bia. Ilikuwa saa nane na dakika chache mchana. Bia ilipanda polepole kutoka chini, ikafika ukingoni, ikatoa povu, na povu likamwagikia misumari iliyokuwa pale. Mativo akaweka twiga chini, akaifuta misumari kwa suruali, kisha akatazama paa. Mabati hayakuwa na tundu upande ule, na hata yangekuwa nalo, Kariobangi haikuwa imeona mvua ya maana tangu Krismasi.

Akamwaga tone sakafuni kwa ajili ya waliotangulia, kama alivyofundishwa na baba yake, akanywa iliyobaki. Ilikuwa baridi, chungu kidogo, na nyuma ya ule uchungu kulikuwa na ladha ya ganda la chungwa. Akarudi kwa twiga wake. Kesho yake saa nane kikombe kikajaa tena, na safari hii bia ilikuwa nyeusi na ilinukia moshi.

Kikombe hicho kilikuwa na pacha wake. Mativo alivichonga vyote viwili kutoka gogo moja la mhugu, siku aliyopatana na Ndete kuhusu safari ya Japani. Baba yake alikuwa akisema kwamba wanaume wawili wakishikana kwa jambo kubwa ni vizuri wanywe kutoka mti mmoja. Kila kikombe kilikuwa na mkono wa mkia wa kinyonga, umejikunja kuelekea ndani, na hakuna mtu mwingine Nairobi nzima aliyeweza kuukunja mkia ule bila kuuvunja.

Ndete alikuwa karani wa chama cha wachongaji. Alikaa Buruburu, Phase Three, na alivaa tai hata Jumamosi. Walikuwa wamekua pamoja kijijini Wamunyu. Kwa kuwa kila mtu wa chama sharti awe na nambari, Ndete pia alikuwa na yake, 141, ingawa kitu cha mwisho alichochonga kilikuwa mwiko, mwaka wa 1979. Nambari ya Mativo ilikuwa 88. Wachongaji wa chama hawakuandika majina kwenye kazi zao. Walikwaruza nambari chini, basi, na kinyago kikaenda zake.

Mwaliko ulifika ofisini mwaka uliotangulia. Huko Japani sheria ilikuwa imewaruhusu wenye viwanda vidogo kupika bia zao, baa ndogo ndogo zilikuwa zinafunguliwa kila mji, na wenyewe walitaka vyombo visivyofanana na vya makampuni makubwa. Kungekuwa na maonyesho. Walihitaji vikombe arobaini na mchongaji wake, mtu mmoja, nambari moja.

Mativo alichonga miezi minne. Lakini pasipoti hakuwa nayo, na Kiingereza chake kilikuwa cha kutaja bei tu.

"Wacha nitangulie," Ndete alimwambia. "Nafungua njia. Mwaka ujao barua inakuja na jina lako, unaingia kwa ndege kama bwana harusi."

Ili vikombe vilingane na karatasi za forodha, Mativo mwenyewe alikaa chini akakwaruza 141 chini ya vyote arobaini. Alipofika kwa vile viwili vya mapatano, ambavyo havikuwa kwenye karatasi yoyote, akakwaruza 141 huko pia, kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Ndete alipoondoka na vile arobaini na kimoja cha mapatano, Mativo akaenda kupiga picha ya pasipoti na kushonewa suti mtaani Umoja. Mkewe, Kalekye, aliitundika nyuma ya mlango nyumbani kwao mtaa wa Tena, ndani ya plastiki.

Barua ya Ndete ilifika wiki mbili baada ya bia ya kwanza. Kalekye aliileta mpaka kibandani, akasimama mumewe akiisoma kwa sauti.

"Ndugu yangu Mativo, nakuandikia na machozi. Tarehe nane watu wa bandari walipata dudu ndani ya vikombe vyetu. Wamechoma vyote, hata kile changu cha mapatano. Sasa nalala kwa nyumba ya wageni ya kanisa, nakunywa maji ya mchele, nangoja ndege. Hata soda sijaonja. Wamesema hawataki tena kazi ya mbao kutoka kwetu. Usingoje mwaliko."

Kilichomuuma Mativo kwanza ni hilo dudu. Magogo yale aliyakausha mwaka mzima chini ya takataka za mbao, na vikombe akavichemsha kwenye mafuta, kimoja kimoja. Mbao zake hazikuwa na dudu. Alisoma barua mara ya pili, halafu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasorobo.

"Ngoja kidogo," akamwambia Kalekye.

Walingoja. Kikombe kikajaa bia nyeupe, yenye ukungu, na juu ya povu likaelea ganda moja la maharagwe mabichi.

"Hii ni ya nani?" Kalekye akauliza.

"Ya Ndete. Hunywa saa hizi kwa kile kikombe pacha."

"Si amesema kikombe chake kimechomwa tarehe nane?"

"Ndivyo amesema."

Kalekye aliketi juu ya gogo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe, na hii pia hakuionja. "Baba Mwelu," akasema, "huyo mtu anakudanganya." Akachukua sufuria ya githeri akaenda nayo nyumbani.

Nyuma ya kibanda aliishi Khalayi, aliyepika pombe ya busaa kwa miaka ishirini na kulala korokoroni mara nyingi kwa sababu hiyo. Mativo alimwonjesha. Khalayi aliizungusha mdomoni muda mrefu, macho amefumba.

"Fundi, hii haijatoka kiwandani. Hii imepikwa na mtu kwa sufuria ndogo, na alikuwa anaonja akipika."

Kesho yake akarudi na bakuli lake mwenyewe, na keshokutwa pia. "Ya leo ni ya mtu mwingine," alisema. "Na maji si yale. Huyo rafiki yako hakai mji mmoja. Anazunguka."

Nuradin, aliyeuza sukari na mchele kwa jumla ng'ambo ya barabara, hakuvuka mlango kwa sababu ya harufu, lakini alikuwa na shajara yenye ukurasa wa saa za dunia nzima. Aliusoma akiwa amesimama nje. "Hapa saa nane mchana, huko saa mbili usiku. Jamaa ameoga, amekula, ameingia baa. Haina maajabu."

Mwezi wa Aprili vikaanza kuja vile vikadibodi vya duara vya kuwekea bilauri. Vilipanda na bia, vikaelea, na kila kimoja kilikuwa na picha na jina la baa. Mativo alivianika, Nuradin akasoma herufi alizoweza kusoma: Osaka, Kobe, Kanazawa, Niigata. Baa ya chini ya reli. Baa ya viti sita. Baa iliyopika bia kwa viazi vitamu. Mativo alivipigilia ukutani kwa mfuatano wa kufika kwake. Kufikia Juni, mtu wa Kariobangi aliyetaka kuzunguka Japani akitafuta bia nzuri angeanzia ukuta ule na asipotee hata siku moja. Hakutokea mtu wa namna hiyo.

Kilichotokea ni kwamba watu walianza kumwita Mativo mlevi. Akina mama wa kwaya walimwona saa tisa mchana akinuka bia, wakamwambia Kalekye wanamwombea. Mativo alijaribu kutoinywa, ikamwagika ikaharibu polishi ya viboko wawili. Alijaribu kukipindua kikombe, bia ikamwagikia miguu yake. Basi akakisimamisha tena akaendelea kunywa, na bia ya Ndete ikaendelea kumvunjia heshima Mativo.

Kikadibodi cha kumi na mbili kilikuwa na picha ya kikombe chenyewe. Mkono wa mkia wa kinyonga, umejikunja kuelekea ndani, na chini yake nambari 141. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza pembeni. Nuradin alikivuta karibu na uso, akasahau harufu.

"Hii baa imechukua kikombe chako iwe alama yao. Wameandika, mchongaji, Bwana Ndete wa Nairobi."

Mativo alikipigilia ukutani pamoja na vingine. Iliuma. Iliuma kuliko dudu, na iliuma kuliko maji ya mchele, kwa sababu mkia ule aliufanya akimfikiria Ndete, alivyokuwa akikamata vinyonga utotoni na kuwatembeza begani.

Ijumaa hiyo alikifunga kikombe kwa gazeti, akaenda nacho ofisi ya chama kwa mwenyekiti, Wathome, mtu wa haki na wa pole pole. Wathome alisikiliza yote. Akakipindua kikombe, akafungua daftari la wanachama, akapitisha kidole.

"Moja nne moja ni Ndete."

"Najua."

"Hii nambari iliandikwa na nani hapa chini?"

"Na mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Wathome alikirudisha kikombe mezani. Saa nane ikafika, kikajaa, na mwenyekiti akasogeza daftari lake lisilowe. Alitazama povu likitulia. "Naona," akasema. "Lakini bia haisemi kikombe kimechongwa na nani, Mativo. Daftari ndilo linasema. Unataka nifanye nini?"

Mativo alimsogezea kikombe. Walikunywa nusu kwa nusu, akaenda nyumbani.

Ndete alirudi Agosti. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na mgeni, Bwana Morikawa, mwenye baa ile ya kikombe cha kinyonga, aliyetaka kuona kazi inapofanyiwa. Habari ilifika Tena siku moja kabla. Kalekye aliitoa suti kwenye plastiki.

"Vaa hii," akasema. "Hata kama ni ya Kariobangi tu."

Kwa hiyo Mativo aliwapokea ndani ya suti, vumbi la mbao likimwangukia mabegani. Ndete alisimama mlangoni, akamwona, akaona ukuta wa vikadibodi kumi na viwili, akavisoma kimoja baada ya kingine kama mtu anayesoma kalenda yake mwenyewe. Kisha akatabasamu.

"Sasa, Mativo. Kumbe ulikuwa unafuatilia."

"Nilikuwa nakunywa," Mativo akasema.

Ndete alimgeukia mgeni, akaeleza kwa Kiingereza. Neno moja Mativo alilitambua, kwa kuwa liliandikwa kwenye pakiti za karatasi zake zote: sandpaper, yaani msasa. Alikuwa ametambulishwa kuwa fundi wa msasa tu.

Bwana Morikawa alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mikubwa. Alifungua mkoba wake, akatoa kile kikombe pacha, alichopewa na Ndete, kikiwa ndani ya kitambaa cha buluu, na chupa ya bia. Akamimina. Bia ilipopanda kwenye kikombe chake, ilipanda vilevile kwenye kile cha dirishani. Mzee aliacha kumimina, na cha dirishani kikaacha kujaa. Akamimina tena. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa swali alilokuwa nalo muda mrefu, kisha akakichukua kile cha Mativo, akakinywa hadi chini, akakipindua. Akasoma 141. Akamgeukia Ndete, akainama mbele yake mpaka kiuno kikakunjika kabisa.

Ndete naye akainama.

"Mwambie ni mimi nilichonga," Mativo akasema.

Ndete alimtazama. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa Wamunyu, wa kijana mwenye kinyonga begani. Kisha akamgeukia mgeni, akaongea kwa muda. Bwana Morikawa akasikiliza, akamwangalia Mativo kwa wema, akamwinamia pia, kidogo, kwa kichwa tu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unamshukuru kwa kututembelea," Ndete akasema, na akarekebisha tai.

Mativo alinyoosha kidole kwenye mkia wa kinyonga, halafu akajigusa kifuani. Bwana Morikawa alielewa kwamba anausifu. Akajigusa kifua yeye pia.

Oda ya vikombe mia mbili ilifika chama mwezi wa Septemba, kwa nambari 141. Ndete aliileta mwenyewe pamoja na magogo ya mhugu, akayapanga vizuri mlangoni, akaacha na kalamu moja nzuri kama zawadi.

"Kataa," Kalekye alisema.

Mativo aliyazunguka magogo yale siku tatu. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuukunja mkia, na asingevumilia kuuona umekunjwa vibaya. Siku ya nne akachukua tezo. Suti ilirudi nyuma ya mlango, safari hii bila plastiki, na mwaka uliofuata mwaliko ulipofika ulikuwa na jina la Ndete.

Kikombe cha dirishani hakikuacha. Saa nane kamili, huko wanapofungua baa baada ya chakula, Bwana Morikawa alikitoa kile pacha kabatini akanywa ya kwanza, na Kariobangi ikajaa. Mara nyingi ilikuwa ile ya chungwa. Mativo alimwaga tone sakafuni, akamgawia Khalayi kwenye bakuli lake, wakanywa wakitazama barabara.

"Leo imetulia," Khalayi alisema alasiri moja. "Huyo mzee anajua kupika. Wewe unaionaje, fundi?"

"Nzuri," Mativo akasema. Ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo hakuweza kulisamehe. Akafuta mdomo, akachukua kikombe kilichofuata, akakipindua, akaanza kukwaruza ile moja ya kwanza ya 141.